Maswali yenu: laini inapovuka mpaka

Shule zinafungwa, watu wanasafiri, na barua nyingi za wiki hii zinauliza kuhusu romingi, yaani kutumia laini yako kwenye minara ya kampuni nyingine. Nimechukua tano.

*Nina mgahawa Namanga, upande wa Tanzania. Wiki hii sijavuka hata mara moja, lakini simu imenikaribisha Kenya mara tatu na salio limeliwa. Nimekosea wapi?* — Mama lishe, Namanga

Hujakosea, mama. Mawimbi hayasimami kwenye geti la forodha. Mnara wa upande wa pili unaweza kukufikia jikoni kwa nguvu kuliko wa kampuni yako. Kila mtandao hujitangaza kwa namba: ya Tanzania huanza na 640, ya Kenya 639. Simu hutafuta kwanza namba ya kwao. Ikiikosa, huomba hifadhi kwa jirani yeyote mwenye mkataba na kampuni yako.

Uchungu unaanzia hapo. Kwa kanuni za mitandao ya simu zilivyoandikwa, simu iliyokwisha kupokelewa na mtandao wa nchi nyingine haina kawaida ya kurudi kuchungulia kama mnara wa nyumbani umerejea. Hung'ang'ania kwa jirani mpaka mawimbi yake yafifie. Ndiyo maana unaweza kushinda "Kenya" mchana kutwa huku unakanda chapati Tanzania.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, uzime data ya romingi. Kisha zima uchaguzi wa mtandao unaojifanya wenyewe, uchague jina la kampuni yako kwa mkono. Mtandao wako ukikatika utakosa simu kwa muda, lakini kwa mtu anayeishi mpakani nadhani hilo ni afadhali kuliko salio kuyeyuka.

Wala si lazima mambo yawe hivi. Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja alivuka bila kulipia simu anazopokea, na akaweka vocha ya nchi aliyofikia. Iliwezekana kwa sababu mitandao yote mitatu ilikuwa ya mwenye mmoja, hapakuwa na wa kumdai mwenzake. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kuondoa ada za ziada kwa simu za baina yao, ule mpango wa Eneo la Mtandao Mmoja. Lakini ulianza na sauti, na leo kinachomuumiza mtu wa mpakani ni data. Jumuiya inayowataka wafanyabiashara wadogo wavuke kila siku inapaswa kulimaliza hili, na wa kwanza kunufaika wangekuwa watu kama wewe.

*Niko Muscat na laini yangu ya Dar. Mawimbi yamejaa, ila video zinasuasua, na matangazo yanayonijia ni ya Dar es Salaam. Kweli nimeunganishwa Oman?* — Msafiri

Umeunganishwa nusu. Kampuni ya Oman inakupa mnara tu. Data yako hufungwa kwenye njia ya peke yake na kusafirishwa mpaka kwenye mitambo ya kampuni yako nyumbani, na huko ndiko inakotokea kwenda intaneti. Video ikiwa imehifadhiwa mtaa wa pili hapo Muscat, bado itapitia Dar kabla ya kukufikia. Tovuti nazo zinaona anwani ya Tanzania, basi zinakutangazia ya Tanzania.

Kampuni zinapenda utaratibu huu kwa sababu ya nyumbani ndiyo inayojua salio na bando lako, na inataka kuhesabu yenyewe. Kama unakaa zaidi ya siku chache, nunua laini ya huko kwa pasipoti yako. Ile ya Dar iache kwenye nafasi ya pili, data ikiwa imezimwa, ili ujumbe wa benki uendelee kukufikia.

*Naenda Kampala kwa mafunzo ya miezi mitatu. Nimeambiwa eduroam (waifai ya pamoja ya vyuo) ya chuo changu cha Dar itafanya kazi kule bure. Ni kweli?* — Mwanafunzi

Ni kweli, mwanangu, mradi chuo unachokwenda kimejiunga. Huu ndio ushirikiano ninaoupenda kuliko wote, maana hakuna anayemtumia mwenzake ankara. Wazo lilitoka Uholanzi, kwa Klaas Wierenga, mwaka 2002. Kwetu vyuo vimeunganishwa kupitia mitandao ya elimu na utafiti: TERNET Tanzania, KENET Kenya na RENU Uganda.

Jina lako la kuingilia lina mkia baada ya alama ya @, na mkia huo ndio unaotaja chuo chako. Waifai ya Kampala ikiuona, inapeleka ombi Dar. Dar inajibu "ni wetu" au "hatumjui". Nywila husafiri imefungwa, mwenyeji haioni. Basi andika jina lote pamoja na mkia, kwani wengi hukwama kwa kuuacha. Tumia mipangilio iliyotolewa na chuo chako, na usikubali cheti cha utambulisho wa mtandao usichokitambua, kwa sababu mwizi naye anaweza kuiita waifai yake eduroam. Jaribu ukiwa bado Dar. Ikikataa nyumbani, ugenini haitakubali.

*Mdogo wangu yuko Ujerumani. Akienda Uholanzi bando lake linaendelea vilevile. Wao wamewezaje?* — Kaka mtu, Mombasa

Kwa sheria. Tangu tarehe 15 Juni 2017 mteja wa nchi za Umoja wa Ulaya hutumia bando lake kwa bei ya nyumbani akiwa safarini ndani ya Umoja, na sheria hiyo imeongezwa mpaka 2032. Watu husifu upande wa mteja, lakini kazi kubwa ilifanyika nyuma ya pazia: Umoja uliweka kikomo cha bei ambayo kampuni moja inaidai nyingine kwa kila gigabaiti, kutoka yuro 2 mwaka 2022 hadi yuro 1 mwaka 2027. Bila hicho, kampuni ndogo ingefilisika kwa wateja wake kwenda likizo.

Mwambie tu Uswisi haimo, na kwenye meli azime data, maana mtandao wa baharini ni wa setilaiti na una bei yake.

*Nilirudi kutoka Kigali Jumapili, deni la romingi likaja Alhamisi. Nimeibiwa?* — Mteja wa malipo ya baadaye, Nairobi

Huenda hapana. Kampuni mwenyeji huandika matumizi yako kwenye mafaili na kuyatuma baadaye, mara nyingi kupitia wakala wa kusuluhisha hesabu. Omba mchanganuo, uangalie tarehe ya matumizi yenyewe. Ikiwa ni ya baada ya mhuri wa kutoka kwenye pasipoti yako, peleka nakala ya ukurasa huo na udai.