Makanisa ya mbao ya Maramureș yanadumuje bila dawa?

Swali: Mimi ni fundi seremala, Njombe. Nimeona picha za makanisa ya mbao ya Waorthodoksi huko Maramureș, kaskazini mwa Romania, na nimeambiwa yamesimama miaka 300. Kwetu nguzo ya paini niliyoipaka oili chafu imeoza shinani kabla ya miaka minane. Wenzetu wanatumia dawa gani? Na vile vigae vya mbao vya paani, kweli havivuji? Kijiji chetu kinataka kanisa dogo la mbao.

Jibu: Dawa hakuna, fundi. Walichofanya ni kuhakikisha maji hayakai kwenye mti. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kufanya kazi unyevu wake ukibaki chini ya asilimia 20, hata miaka mia ikipita. Nguzo yako iliyofukiwa ardhini hunywa maji kwa kitako, pale nyuzi zilipokatwa, na oili iliyopakwa ubavuni inayazuia yasitoke. Umeufungia ugonjwa ndani.

Umri ulioambiwa ni wa kweli. Makanisa manane ya huko yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999 (la Șurdești, lenye mnara wa mita 54, ni la Wakatoliki wa ibada ya Kigiriki, lakini ufundi ni uleule). La Budești Josani ni la 1643. La Bârsana lilijengwa 1720, kisha mwaka 1806 likahamishiwa lilipo leo. Jengo la namna hii huhamishika kwa sababu boriti za ukuta zimelazwa moja juu ya nyingine na kufungana pembeni kwa viungo vinavyopanuka kuelekea nchani: uzito unavikaza, na ukiondoa paa unavifungua kimoja kimoja. Misumari ipo, ila kazi yake ni paani.

Angalia sasa jengo kuanzia chini. Boriti ya kwanza, ambayo ndiyo nene kuliko zote, haigusi udongo. Imekaa juu ya mawe, na hewa inapita. Juu, ncha za boriti za mwisho zimeachwa zitokeze nje ya kona, zikachongwa kwa ngazi na kubeba upenu mpana unaotupa mvua mbali na ukuta. Mengi yana paa la ngazi mbili: upenu wa pili, wa chini, hukinga nusu ya chini ya ukuta ambako matone hurukia kutoka ardhini.

Vigae vya mbao havivuji, kwa sharti moja: vipasuliwe, visikatwe kwa msumeno. Ukipasua gogo kwa kufuata nyuzi, maji huteremka juu yake kama juu ya unyasi. Msumeno hukata nyuzi kwa mshazari, na kila uzi uliokatwa ni mrija unaofyonza. Huchaguliwa gogo lililonyooka, lisilo na vifundo, la miti ya jamii ya misonobari. Hupasuliwa kuelekea kiini, kisha husawazishwa kwa kisu cha mikono miwili. Kigae cha sentimita 60 kikiachwa wazi sentimita 20 tu, kila mahali pa paa pana tabaka tatu. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya kigae na kigae, maana kikilowa kinavimba, na kikikosa nafasi kinajikunja na kung'oa msumari. Msumari uwe mahali ambapo safu inayofuata itaufunika. Ndani, chini ya vigae, pasiwe na dari iliyobana: vigae hukauka pande zote mbili au havikauki. Paa lenye mteremko mkali hudumu. Lile la upenu, lenye mteremko mdogo, huchakaa kwanza na hubadilishwa peke yake.

Makosa makubwa ya ukarabati yanajulikana. La kwanza ni saruji. Mtu anaona mawe ya msingi yamelegea, anaziba kwa saruji hadi kwenye boriti; maji yanayoshuka ukutani yanakwama hapo, na boriti iliyoishi karne tatu inaweza kuoza ndani ya miaka michache. La pili ni ardhi yenyewe kupanda. Kanisa limezungukwa na makaburi, na kila kaburi likichimbwa udongo unabaki. Majani nayo yanaoza juu yake. Mwishowe mawe yamefukiwa. Ondoa udongo, usiinue kanisa.

Boriti ya chini ikishaoza, hukatwa kipande tu. Ukuta hushikiliwa kwa jeki kadhaa zilizokaa juu ya mbao pana, na kuinuliwa milimita chache kwa siku, huku timazi ikiangaliwa kila mara. Kipande kipya kiwe cha mti uleule, kikavu kama ule wa zamani, na kiungo cha mshazari kiwe na urefu wa angalau mara tatu ya kimo cha boriti.

Ibada nayo ina sehemu yake. Waumini mia moja kwa saa mbili hupumua na kutoa jasho takriban lita 10 za maji. Kanisa lisilopashwa joto hulimudu hilo, mlango ukiachwa wazi baadaye. Ukiweka hita ya nguvu kwa ajili ya misa ya Jumapili ya baridi, mvuke huo hugeuka maji kwenye ukuta baridi, na michoro, ambayo imepakwa juu ya mbao na vitambaa vilivyogandishwa kwenye maungio, huanza kubanduka. Mishumaa ya walio hai na ya marehemu ni afadhali iwashwe kwenye masanduku ya bati nje, kama ilivyo desturi katika parokia nyingi za Romania: inapunguza masizi, na moto ndio adui asiyekupa nafasi ya pili. Hata hivyo kanisa linalotumika lina bahati. Kijiji kikishajenga jipya la mawe, la mbao hufunguliwa kwa sikukuu tu, na kigae kilichopeperuka Novemba hugunduliwa Pasaka.

Njombe una kitu ambacho Maramureș haina: mchwa. Kwa hiyo usiige kila kitu. Jenga nguzo fupi za mawe au zege, sentimita 45 juu ya ardhi, weka kofia ya bati juu ya kila moja, kingo zikiinama nje, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane. Boriti ya chini iwe ya mbao iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo. Ukuta juu yake unaweza kuwa paini ya kawaida iliyokauka. Upenu usipungue sentimita 90. Paini yako inakua haraka, pete zake ni pana, kwa hiyo vigae vyake havitadumu kama vya kule. Bati ni sawa, mradi upenu usifupishwe ili kuokoa bati mbili. Oili chafu iache gereji.