Dada uliyerudi Kilifi bila kuona ndege, hii ni yako

Jumatatu nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Kilifi. Alidamka saa kumi alfajiri, akapanda matatu ya kwanza ya Malindi, akashuka Mida, kwenye hori ya bahari karibu na Watamu, kunapambazuka, akalipa kiingilio cha daraja la kamba na kutembea katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha mwisho. Akaandika: "Kaka, nimeona tope. Tope na yangeyange wawili. Hao maelfu unaowasimulia huwa unawatoa wapi?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikaacha kucheka, maana niliikumbuka kandambili yangu ya kushoto.

Ilikuwa Septemba 2019, kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Nilikuwa nimenunua darubini yangu ya kwanza, 8x42, ya kukuza mara nane, kwa pesa ambazo mama watoto alijua zinakwenda kwenye mabati. Kama na wewe umeingiwa na ugonjwa huu, hali ile unaijua: umeshajiona na orodha ya ndege mia tano kabla hujamtambua hata mmoja. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu kila mtu husema ndege hutazamwa alfajiri. Jua lilikuwa linachomoza baharini, yaani machoni mwangu. Mbele yangu yalikuwepo maji mekundu ya Sabaki, mto ambao huko juu huitwa Athi, ukikutana na Tsavo ukaitwa Galana, na unapofika pwani una jina la tatu na udongo wa bara nzima. Na kule mbali kabisa, karibu na mawimbi, vitone vyeusi. Hao ndio waliokuwa ndege wangu.

Mzee mmoja alikuwa anapita na wavu begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watafuta nini topeni asubuhi yote hii?"

"Ndege."

Akavitazama vile vitone, akaitazama darubini. "Saa hizi wako kazini. Maji yatoka, nao wayafuata. Jana mwezi ulikuwa mpevu, hii ni bamvua, maji makubwa. Yatajaa saa kumi na kitu. Wewe rudi saa nane, ukae pale penye mchanga mkavu, watakuja wenyewe."

Sikumsikiliza. Mimi nilikuwa na darubini mpya, yeye alikuwa na wavu wenye viraka. Nikaingia topeni kuwafuata ndege kwa miguu. Nikazama hadi magotini, na nilipojikwamua kandambili moja ilibaki chini. Saa nane nilikuwa bado pale, si kwa kumtii mzee, bali kwa sababu nilikuwa ninaitafuta.

Ndipo maji yalipoanza kurudi. Yaliingia kama vidole, kijito hiki na kile, mafungu ya mchanga yakawa yanapungua moja baada ya jingine, na kila fungu lililozama liliwarusha waliokuwa juu yake. Walikuja kwa makundi. Vitwitwi mia kadhaa wakageuka kwa pamoja hewani, mara weupe, mara hawaonekani. Buabua wakapanga mstari, wote wakielekea upepo. Sululu akalia. Saa tisa na nusu, fungu moja tu lilikuwa limebaki juu, na mimi nilikuwa nimekaa hatua themanini kutoka kwake, jua likiwa mgongoni. Sikujua hata jina la robo yao. Nilitetemeka mikono.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni maji. Tazama jedwali la maji, au uliza mvuvi, kabla hujatazama kitabu cha ndege. Huku kwetu mwezi ukiwa mpevu, na ukiandama, bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Ukifika saa kumi na mbili siku hiyo, umefika wakati ndege wanaondoka. Dada, nilihesabu tarehe ya safari yako: ilikuwa siku ya pili ya bamvua. Uliwakuta wametawanyika kwenye tope lote la hori ya Mida, kila mmoja na kaa wake. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hali hugeuka, yanajaa saa nne au tano asubuhi, lakini kwa uvivu. Hayafiki juu, na ndege hawalazimiki kusogea. Mimi husubiri bamvua ya mchana. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko bahari ya nje, kwa hiyo Mida usiwe na haraka ya kuondoka.

Ushauri wa pili: msimu. Watu huniuliza kwa nini Desemba isiwe bora, watu wakiwa likizo. Desemba ndege wapo, ndiyo. Lakini Agosti hadi Oktoba, upepo wa kusi unapolegea na kabla ule wa kaskazi haujasimama, ndipo unapowaona wakiwasili, na kuwasili kuna habari zake. Chukua kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kama mundu. Pwani wote hawa huitwa vitwitwi tu, kwa hiyo niweke jina la kisayansi, Calidris ferruginea. Hutaga kaskazini kabisa mwa Siberia. Agosti hufika wakubwa, na tumboni bado wana mabaki ya rangi ya tofali waliyovaa kwa ajili ya kuoana. Watoto wao huja baadaye, Septemba na Oktoba, vifua vina rangi ya maziwa yenye chai na migongo kama magamba ya samaki. Wanapoanza safari huko Siberia, wazazi wameshaondoka zamani. Mtoto wa miezi miwili anaivuka dunia bila mzazi wa kumwonyesha njia. Na wengi Sabaki ni kituo tu, wanakwenda hadi Afrika Kusini.

Halafu mtazame mlakaa, Dromas ardeola. Jina la mlakaa ni langu mwenyewe, mwenye bora zaidi alete. Ni mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana visiwani kuzunguka Bara Arabu, Oman ikiwemo, na kiota chake ni shimo refu mchangani, yai moja tu jeupe. Anapokuja kwetu huja na mtoto wake, na utamwona yule mtoto mkubwa mzima, rangi ya kijivu, anamfuata mzazi kwenye tope la Mida akilia apewe kaa. Majahazi ya Waarabu yalingoja kaskazi ndipo yaje. Hawa hawangoji. Nimeshakaa saa mbili nikimtazama mtoto mmoja akidekezwa, nikamkumbuka yule kitwitwi wa Siberia, nikasahau hata kuhesabu.

Miaka miwili iliyofuata sina la kusimulia, nilikwenda, nikarudi, nikajifunza miguu ya nani ni ya kijani na ya nani ni ya njano.

Mwaka 2022 ndio ulioniuma. Nilijiunga na kundi la simu la watazamaji ndege, nikaandika kwa fahari kwamba nimemwona Sabaki kitwitwi mdomo-mpana, Calidris falcinellus, ambaye huja kwa uchache. Nikaweka picha. Baada ya dakika nne mtu mmoja mwenye sifa zake akajibu mbele ya watu zaidi ya mia: "Huyo ni mdomo-mundu mchanga. Tusome kwanza vitabu, ndipo tuandike." Wakafuatia vicheko. Alikuwa sahihi. Nalikubali hilo, na bado naikumbuka ile "tusome", kwamba alijiweka ndani ya neno ambalo halikumhusu. Nilikaa miezi kumi bila kuandika chochote pale.

Nilichofanya ni kurudi kwenye maji. Bamvua baada ya bamvua, nikakaa kwenye mchanga uleule na daftari, nikiwatazama mdomo-mundu mamia mpaka nikawachoka. Mdomo wake hupinda taratibu kuanzia katikati, na akiruka unaona kiuno cheupe. Mdomo-mpana, mdomo wake ni mnyoofu halafu ncha inashuka ghafla, kana kwamba uligonga mlango. Na ana nyusi mbili kila upande, moja nene na nyingine nyembamba juu yake. Wiki mbili zilizopita, saa tisa na dakika ishirini, nyusi mbili zilisimama mbele ya darubini yangu. Nilipiga picha kumi na saba. Nikaweka tatu kwenye kundi, bila neno. Yule bwana aliweka kidole gumba, basi. Nilikitazama kile kidole gumba usiku mzima kama mjinga.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaoanza, nawasihi. Andikeni mlichokiona, si mlichotamani kukiona: umbo la mdomo, rangi ya miguu, kiuno akiruka. Jina litakuja. Na acheni kuwafukuza ndege ili mpate picha ya kundi likiruka! Juzi nimewaona wawili wakipita na pikipiki ukingoni mwa maji wakati bamvua imejaa, kundi zima likaruka mara sita. Yule ndege ana safari ya Afrika Kusini, mafuta aliyonayo mwilini ndiyo nauli yake, nanyi mnaichoma kwa ajili ya video ya sekunde kumi. Kaeni chini. Ukikaa, maji yatawaleta. Nimeshasema maji? Nasema tena, maji. Na Mida mlipe kile kiingilio bila kunung'unika, kinachangia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Dada, safari ijayo nenda Sabaki. Siku ya pili baada ya mwezi kuandama, panda matatu ya saa nne, kunywa chai yako kwanza. Malindi chukua gari la Mambrui au Marafa, mwambie makanga akushushe darajani, kisha tafuta kijana wa pale akutembeze mpaka mlangoni mwa mto, maana viboko wapo na si wa kujaribiwa. Saa nane uwe umeshakaa kwenye mchanga mkavu, na uondoke kabla giza halijaingia. Ukikutana na mzee mwenye wavu wa viraka, mwamkie kwa niaba yangu, umuulize kama amewahi kuokota kandambili ya mguu wa kushoto, ya buluu, namba tisa.