Re: Siku moja tu Berea, nianze wapi?
Salaam mwalimu. Umesema una siku moja tu ya kutembelea Berea College, chuo cha Kentucky, Marekani, kabla ya kuwashauri wanafunzi wako, na hujui uanzie wapi. Anza na kazi. Pale ada ya masomo haitozwi tangu 1892, lakini kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, wengine kwenye karakana ya mifagio, wengine shambani. Waulize wenyewe wanalala saa ngapi. Matembezi ya kuongozwa yanapendeza, ila anayekuongoza naye ni mwanafunzi aliye kazini! Mimi nilipotembelea chuo kidogo kingine nilijutia kutoingia darasani, kwa hiyo omba nafasi mapema. Kisha uliza habari za chakula, malazi na bima. Wazazi watakubana hapo.