Msichana aachwe aseme hesabu yake

Maliza kufundisha somo lolote la hesabu katika darasa la wasichana hapa Pemba, kisha uliza, "Mmefahamu?" Utajibiwa na darasa zima kwa pamoja, "Ndio, mwalimu!" Walimu wenzangu, hasa nyinyi mnaoanza kazi, nakuombeni jibu hilo msilichukue kuwa ni ushahidi wa kitu chochote. Ni salamu ya heshima tu. Watoto hawa wamelelewa wasimbishie mkubwa, na anayekwambia hakufahamu huhisi kama amekuvunjia adabu.

Mimi adabu yao naipenda na sitaki iondoke. Lakini hesabu hazisomeki kwa kunyamaza. Nafundisha wasichana watupu, Wete, na baada ya miaka katika kazi hii jambo moja nina hakika nalo: msichana anayeweza kuieleza hesabu kwa mdomo wake, hatua kwa hatua, na kumwambia mwenzake kwa nini, huyo hasahau. Anayenakili ubaoni kwa mwandiko mzuri na mistari ya rangi mbili, akikutana na swali lililogeuzwa kidogo, hukwama.

Basi mimi hufanya hivi. Swali likiwa ubaoni huwaita wawili. Mmoja husema, mwengine huandika. Mwandishi haruhusiwi kuandika ila alichoambiwa, na msemaji haruhusiwi kugusa chaki. Msemaji akisema "peleka upande wa pili", mwandishi huuliza, "Nipeleke nini? Kwa kufanya nini?" Hapo ndipo msemaji hulazimika kufikiri kwamba haipelekwi namba popote, bali tunatoa kitu kile kile pande zote mbili za mlinganyo. Mambo yote haya wanayasema kwa Kiswahili, tena Kiswahili chao cha nyumbani. Mtihani ni wa Kiingereza, nami najua, kwa hiyo wakishakubaliana tunaandika upya kwa Kiingereza. Ila mtoto hawezi kubishana kwa lugha ambayo bado anaiogopa, na bila ya kubishana hajui kama amefahamu. Hata karatasi ya mtihani wa taifa inaagiza hatua zote zionyeshwe, na hatua hazionekani kwenye karatasi kama hazikuwahi kuwepo kichwani.

Swali langu kubwa ni "Umefikaje hapo?" Naliuliza kwa jibu sahihi na kwa jibu la makosa, kwa sauti ile ile. Ukiliuliza kwa waliokosea tu, baada ya wiki moja darasa zima litajua kwamba kuulizwa maana yake umekosea, na watalifuta jibu lao hata kama lilikuwa sawa. Mwanafunzi mmoja alijumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Nikamuuliza amefikaje. Akaeleza vizuri kabisa: kajumlisha za juu, kajumlisha za chini. Nikamuuliza mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, halafu akasema kwa mshangao, "Mwalimu, nimeongeza kitu na kimepungua!" Tangu siku hiyo hajaacha kutafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, na sikuhitaji kumkaripia.

Watu husema skuli ya wasichana ni nzuri kwa hesabu kwa sababu hakuna wavulana wa kuwahi kujibu. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini kila darasa lina bingwa wake, na wengine humwachia yeye. Mimi bingwa humpa kazi ya kuuliza. Hajibu, anauliza wenziwe mpaka waone wenyewe. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kujibu, na humkuza yeye vile vile.

Sasa nije kwenye somo ninalolipenda kuliko yote, sehemu na uwiano, kwa sababu watoto wetu wanalo tayari na hawajui kama wanalo. Wamesoma chuoni, yaani madrasa. Wamesikia mirathi. Nikawapa: mtu amefariki, ameacha shamba la mikarafuu 32, mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Kila mmoja apate mingapi? Darasa ambalo jana lilikuwa kimya kama kisima lilichangamka. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, miche 4. Imebaki 28. Mwanamme hupata mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo mafungu ni manne, kila fungu 7. Kijana 14, kila binti 7. Jumlisha: 32. Kisha nikawataka waandike kila fungu kama sehemu ya shamba zima, na hapo wakajigundulia wenyewe kwamba binti ana saba juu ya thelathini na mbili.

Halafu nikawapa la pili, na hili lilituchukua vipindi viwili. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke moja ya nane, mabinti mbili ya tatu, baba moja ya sita, mama moja ya sita. KDS ni 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27 juu ya 24! Wengine wakadhani wamekosea, wakarudia, ikatoka vile vile. Mmoja akasema, "Haiwezekani, mali haitoshi." Mali kweli haitoshi, na wanazuoni waliliona hilo zamani. Inapokewa kwamba Sayyidna Ali, khalifa wa nne wa Waislamu, aliulizwa mas-ala hii akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa moja ya tisa. Yaani mafungu yanabaki yale yale 3, 16, 4 na 4, ila mali inagawiwa kwa 27 badala ya 24, na kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano mmoja. Hiyo ndiyo awli. Wasichana wangu walipoona 3 juu ya 27 inakuwa 1 juu ya 9, hakuna aliyeniuliza tena uwiano una faida gani. Na faida ipo: miongoni mwao wapo watakaokaa siku moja mbele ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wakisubiri fungu lao, na nataka wawe wanaweza kulihesabu wenyewe.

Nasaha mbili hapa. Kwanza, zungumza na mwalimu wa dini kabla, hukumu ni zake na hesabu ni zako. Pili, usimwambie mtoto atoe mfano wa kwao. Kuna waliofiwa karibuni, na kuna nyumba ambazo mirathi imezifarakanisha. Mtunge marehemu wako mwenyewe.

Asilimia nazifundisha kwa karafuu. Msimu wa mavuno mahudhurio hupungua, wengine wako mashambani wanaokota na jioni wanachambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Wakirudi, huwaambia walete kiasi kidogo cha mbichi, tunapima, tunaanika, tunapima tena. Karafuu hupoteza takriban theluthi mbili ya uzito wake ikikauka. Wao wanalijua hilo kwa mikono, kilichobaki ni kuliandika.

Kwa wakuu wa skuli nina ombi. Maryam Mirzakhani, Muirani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu duniani, mwaka 2014, alisoma skuli ya wasichana mjini Tehran. Mwanzoni mwa masomo ya kati hesabu hazikumwendea vizuri, na mwalimu wake hakuona kipaji. Baadaye yeye na rafiki yake walimwendea mkuu wao wa skuli, wakataka madarasa ya kutatua maswali magumu kama yale waliyokuwa nayo wavulana, na mama yule akayaanzisha. Mwaka 1995 Maryam alipata alama zote katika olimpiadi ya kimataifa ya hesabu. Wasichana wetu hawawezi kwenda tuisheni za usiku kama kaka zao, wazazi hawaruhusu na wana haki ya kuogopa. Basi tupeni chumba mchana, baada ya sala ya adhuhuri, na ufunguo.

Na nyinyi mama zangu na dada zangu, msiseme mbele ya binti, "Hata mie hesabu hazikuniingia." Mnapanga zamu za upatu kichwani, mnajua unga kiasi gani utatoa vitumbua vingapi na faida itabaki ngapi. Mwambieni, "Njoo mwanangu, nieleze mlichosoma leo." Si lazima ufahamu. Akikwama katikati atajua mwenyewe kesho aulize nini.

Najua mtakachonijibu, walimu wenzangu: muhtasari hautamalizika na mtihani wa kidato cha pili uko karibu. Wakati upo tunapoacha kunakilisha mifano ambayo imo kitabuni. Kama unaona uzito, anza na swali moja kila kipindi, dakika kumi za mwisho, msemaji mmoja na mwandishi mmoja, na siku ya pili uwabadilishe nafasi. Weka jina la kila mtoto kwenye daftari lako ili asiwepo anayefika mwisho wa muhula bila ya kusikika.