Re: Nataka kuweka sola na betri, serikali inasaidia?

Dada wa Mbale, nimekuelewa, umeme unakatika kila jioni, friji ya maziwa inaharibu biashara, na unauliza kama kuna msaada wa serikali. Upo, ila usitegemee kupewa pesa mkononi. Paneli na betri za diipu saiko, yaani zile za sola zinazovumilia kuisha chaji na kuchajiwa tena kila siku, hazitozwi VAT ya 18% hapa Uganda, kwa hiyo ukiletewa ankara soma mstari kwa mstari, ukiona VAT kwenye paneli uliza palepale kabla hujalipa. Halafu kuna UECCC, hiyo ni kampuni ya serikali, inapitishia mikopo ya sola kwenye benki na SACCO, anza na SACCO yako uwaulize riba na muda wa kulipa.

Mimi nilikimbilia betri ya gari kwa sababu ya bei rahisi, haikumaliza mwaka, ubavu ulivimba kama andazi, pesa ikaenda. Andika kwanza wati za friji na taa zako, ndio ununue. Na waya usiunge mwenyewe tafadhali dada yangu, tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, akuandikie garantii kwa karatasi.