Mchekeshaji wa pembeni akipewa filamu yake

SWALI: Mhariri, salaam. Kwa nini mhusika anayetuvunja mbavu akiwa pembeni hupoa akitengenezewa filamu yake? Nimetazama Bruce Almighty kisha Evan Almighty, na ile ya pili sikucheka hata nusu. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa sababu wanamhamisha yeye na kuacha nyuma kilichokuwa kinamfanya achekeshe. Mwaka 2003, katika Bruce Almighty, Evan, yaani Steve Carell, ni mtangazaji mwenye kiburi aliyempokonya mwenzake Bruce kiti cha kusoma habari. Ulimi ukimgeuka hewani, tunaona kapata anachostahili. Mwaka 2007, katika Evan Almighty, amekuwa baba mwema anayeamriwa na Mungu kujenga safina. Kiburi kimebaki kidogo, kazi ya kuchekesha wameachiwa wanyama na ndevu. Iligharimu takriban dola milioni 175, na mapato ya tiketi dunia nzima hayakuzidi hapo.

Linganisha na Inspekta Clouseau. Katika The Pink Panther (1963) staringi aliyekusudiwa ni David Niven, mwizi wa vito. Peter Sellers, yaani Clouseau, alikuwa polisi wa pembeni, akaondoka na sifa zote za filamu. A Shot in the Dark (1964) ilitokana na mchezo wa jukwaani usiokuwa na Clouseau kabisa. Muongozaji Blake Edwards akamchomeka humo, lakini hakumwacha peke yake. Alimpa bosi, Dreyfus, ambaye jicho humcheza kwa sababu yake. Akampa mtumishi, Cato, wa kumvamia nyumbani. Akampa na shida yake mwenyewe: kuthibitisha kwamba kijakazi Maria hakuua, wakati kila ushahidi unamwelekea. Itazame sini ya biliadi. Clouseau anashika fimbo iliyopinda, anachana kitambaa cha meza, na mwenye nyumba, George Sanders, ametulia kama yuko msibani. Kicheko kiko usoni mwa Sanders.

SWALI: Tuna mfululizo wa vichekesho mtandaoni. Mlinzi wa geti, tuliyempa sini mbili tu, ndiye watazamaji wanayemuulizia. Tunataka kumfanyia filamu. Tuanzie wapi? – Kikundi, Temeke

JIBU: Msianze na hadithi. Rudieni sini zake zote, na kila mahali watu wanapocheka andikeni amesimama na nani. Huenda ni baba mwenye nyumba, huenda ni mgeni mwenye haraka. Mtu wa namna hiyo lazima awepo filamu nzima. Kosa tunaloliona sana ni kumzungushia wachekeshaji wenzake: mlinzi, dereva na muuza chipsi wote wanafanya vituko, basi hakuna anayebaki wa kushtuka.

Halafu, anataka nini? Sini mbili hazidai jibu, dakika 90 zinadai. Liwe jambo dogo la kushikika: ruhusa ya siku 3 aende Singida kumwoza binti yake, na geti haliwezi kuachwa wazi. Msemo wake maarufu usizidi mara 4, na mara ya mwisho auseme mtu mwingine, ikiwezekana bosi.

Kama wapendwa wenu ni kundi, chagueni wachache. Minions (2015), filamu ya vile vijitu vya njano vya Despicable Me, ilitoa watatu tu kwenye umati: Kevin anayeongoza, Stuart wa gitaa, Bob mwenye mdoli wa dubu. Mtazamaji hawezi kuuhurumia umati.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Mpeni kurasa 10 za mwanzo mtu asiyejua mfululizo wenu, atakapouliza "huyu ni nani?", hapo ndipo pa kurekebisha. Staringi wenu wa zamani apite sini moja, akikaa zaidi ataichukua filamu. Na kama mlinzi alibuniwa na mwandishi aliyekwisha ondoka kundini, pateni sahihi yake ya kuwaruhusu kumtumia mhusika huyo sasa, kabla ya kwenda Bodi ya Filamu kuomba kibali. Mkingoja filamu ipendwe, bei ya sahihi hiyo itapanda.

SWALI: Jonah Hill wa Get Him to the Greek ndiye yule mhudumu wa hoteli wa Forgetting Sarah Marshall? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Siye. Mwaka 2008 aliitwa Matthew. Mwaka 2010 ni Aaron Green wa kampuni ya muziki, anayetumwa London kumleta mwanamuziki Aldous Snow hadi Los Angeles. Snow, yaani Russell Brand, ndiye aliyehamishwa kutoka filamu ya kwanza. Sarah Marshall naye anapita kidogo tu, kwenye tangazo la kipindi chake cha televisheni. Temeke, kipimo cha staringi wenu wa zamani ndicho hicho.