Toleo jipya halipewi jembe siku ya kwanza

Nina steshenari jirani na shule mbili za sekondari: kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya kopi. Wiki moja ya mitihani, tangazo likachomoza pembeni ya skrini: mfumo mpya umefika, na ni bure. Nikabofya. Ukashuka usiku kucha, ukala bando langu lote, asubuhi kompyuta ikawaka inang'aa kama imetoka dukani.

Saa tatu akaingia mwalimu na flashi. Karatasi ya Hisabati, nakala 180, mtihani saa nane mchana. Nikaamuru iprinti. Printa kimya. Nikachomoa waya, nikachomeka tena. Kimya. Kumbe draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, kwa mfumo mpya ilikuwa bado haijatoka.

"Kaka, nisubiri au niende kwingine?"

"Nipe dakika kumi, Mwalimu."

Alinipa arobaini. Kisha akachukua flashi yake, bila ugomvi, akavuka barabara kwa jirani yangu. Mpaka leo anaprinti huko.

Sasa usinielewe vibaya, simwambii mtu akae na programu kuukuu. Viraka vya usalama, yaani marekebisho madogo ya kuziba matundu ya programu, naviweka mara vinapofika, hata kama bando ni la kukopa. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani, hata hospitali za Uingereza zikakwama, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka tangu Machi. Miezi miwili! Huko kuchelewa hakuna utetezi.

Toleo jipya zima ni habari nyingine. Huyo ni mgeni, na wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe. Mimi humpa miezi miwili au mitatu. Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 liliwafutia baadhi ya watu mafaili yao. Microsoft ikalisimamisha baada ya siku chache, ikalirudisha Novemba. Aliyengoja mwezi mmoja tu, hayo aliyasikia kwa wenzake. Hata wa Ubuntu, mfumo mwingine wa kompyuta, ukiwa kwenye toleo lao la kuhudumiwa muda mrefu, hawakuletei pendekezo la kuhamia linalofuata mpaka marekebisho yake ya kwanza yatoke: toleo la 24.04 lilingojewa mpaka 24.04.1. Wenye mali wenyewe wanangoja, mimi wa steshenari nakimbilia nini?

Ila usingoje mpaka mlango ufungwe. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kuna waliokuja kushtuka wiki ile ile.

Kwangu mgeni huanzia kwenye kompyuta ya dirishani, ile ya vijana kuchapia barua za kazi. Kwanza nanakili mafaili kwenye diski ya nje. Kisha naprinti ukurasa mmoja, naskani kitambulisho, nafungua daftari la madeni. Ukihamia Windows 11 una siku 10 za kurudi ulikotoka, kwa hiyo usijaribu siku ya kuamkia safari ya msiba Songea, kama mimi.

Hivi ninavyoandika, ya dirishani ina toleo jipya tangu wiki iliyopita. Inaprinti vizuri, ila skana inakata kitambulisho nusu. Kwenye kompyuta ya kaunta tangazo limechomoza tena asubuhi hii, nami nimebofya "nikumbushe baadaye".